Waliotaka Kuvunja Mgongo wa Baba

Kitu cha kwanza kabisa ninachokikumbuka katika maisha yangu ni tone la mafuta ya moto likishuka ndani ya sikio langu la kushoto. Nilikuwa nimelazwa ubavu pajani kwa bibi mzaa mama, nanusa tumbaku yake ya kutafuna na kanga yake iliyofukizwa udi, naye ananiambia tulia, tulia mwanamwali wangu, sasa hivi mdudu atatoka. Hapakuwa na mdudu. Palikuwa na usaha. Alipasha kitunguu thaumu katika mafuta ya nazi, akapima joto kwa ncha ya kidole, akatia. Labda kidole chake kilikuwa kimezoea moto wa jikoni hata kikasahau moto ni nini. Nililia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Usaha ulikauka, alhamdulillahi, lakini sikio lile halikurudi kama lilivyoumbwa. Tangu siku hiyo maneno yakinijia upande wa kushoto hunifikia kama tui la mwisho, maji mengi, nazi kidogo.

Na mtoto asiyesikia vizuri hajui kwamba hasikii. Anadhani ndivyo dunia inavyosema. Mwalimu akisema "someni", mimi nasikia "simameni", nasimama peke yangu na darasa zima linacheka. Nikatolewa shule darasa la pili, ikasemwa mtoto huyu mkaidi. Sikuwa mkaidi, jamani, nilikalishwa upande mbaya tu. Haya ninayoyaandika nayaandika kwa herufi nilizookota baadaye, moja moja, kwa hiyo mkiona mstari umepinda mnisamehe. Nyie wa rika langu mtanielewa. Wengi wetu kusoma tulikudokoa kama nyama chunguni.

Sasa naishi Lewisham kwa binti yangu Rukia, ambaye ni muuguzi, pamoja na mjukuu wangu Amina, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila akijibu hujibu Kizungu. Mwaka jana walinipa mashine ya sikio, kadude kama punje ya haragwe. Siku ya kwanza kuivaa nilisikia friji ikinung'unika, nikamwuliza Amina nani analalamika jikoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Basi ni kwa kadude hako, asubuhi moja tukinywa chai, ndipo nilipolisikia sawasawa neno ambalo miaka yote lilikuwa likinifikia limechuja.

"Mama, kesho siendi kazini," Rukia alisema. "Tunagoma."

"Mmekosewa nini tena?"

"Kazi ya watu wanne tunaifanya wawili. Juzi mwenzangu kamnyanyua mgonjwa peke yake, kiuno kimekwenda."

"Hawatakufukuzeni?"

"Kufukuza hawawezi. Ninachoogopa ni kimoja tu. Wataleta watu wa vibarua waje kuvunja mgomo."

Bila kufikiri nikanyoosha mkono juu ya meza, nikaupitisha nyuma ya bega lake, nikamshika mgongo.

"Vipi, Mama?"

"Hakuna. Kunywa chai yako."

"Bibi, are you OK?" Amina akauliza, na kwa mara moja aliinua macho kutoka kwenye simu.

Nikasema niko salama. Nikachukua mkoba, nikapanda basi kwenda Peckham kununua unga wa muhogo, maana mimi nikitikisika moyo hununua unga. Duka ninaloliendea ni la Mkongo mmoja, kijana mcheshi. Siku hiyo alikuwa ameweka mlangoni gunia la katani la maharage, gunia la kweli, si haya ya plastiki. Nikainama. Vumbi, mafuta ya katani, na kwa ndani kidogo kitu kama jasho la zamani. Nikabaki pale nimeinama, pua ndani ya gunia, watu wananipita.

"Mama, unauza ao unasali?" Mkongo akaniuliza. Kwao kuuza ndiko kununua, siku za mwanzo tuligombana sana mimi na yeye kwa neno hilo. Nikamjibu, "Nasali, mwanangu, nipishe." Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemkuta baba yangu mle ndani.

Baba yangu alikuwa kuli wa bandari ya Tanga. Meli kubwa hazikufika gatini wakati ule. Zilitia nanga katikati ya ghuba, na mizigo ikapelekwa kwa matishari, mashua pana zisizo na injini ambazo hukokotwa. Kutoka ghalani hadi kwenye tishari mtu alipita juu ya ubao, gunia la kahawa mgongoni. Na kila kuli alikuwa na gunia lake jingine, tupu, ambalo alilikunja kona moja ikaingia ndani ya mwenzake, likawa kofia yenye mkia mrefu. Mkia huo ulilala mgongoni ili ngozi isichubuke. Ukimtazama baba kwa nyuma hukumwona baba, uliona gunia linatembea. Mama aliuza uji wa pilipili manga pale langoni na mimi nilikuwa mwosha vikombe wake, ndiyo maana niliyaona mengi.

Kila alfajiri nyapara, Masudi, alipanda juu ya kasha akanyoosha kidole. Wewe. Wewe. Na wewe. Asiyenyooshewa alirudi nyumbani na gunia lake tupu. Kazi ilikuwa ya siku moja, jua likitua imekwisha na hamjuani. Rukia ananiambia wapo hapa hapa London wanaoamka na kungoja simu itetemeke ndipo wajue kama leo wana kazi. Nikamwambia, kumbe Masudi hajafa, ameingia ndani ya simu.

Baba alikuwa na rafiki yake wa tangu utoto, Ami Hamisi. Yeye alikuwa akiturusha watoto hewani na kutudaka, na mke wake akipiga kelele kwamba ipo siku hatadaka. Siku moja ya mvua akateleza ubaoni. Gunia likamfuata. Walimleta kwake juu ya mlango uliong'olewa ghalani, wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, na sisi tukaambiwa tusimguse, mgongo umevunjika. Nilimwona. Alikuwa akitazama makuti ya paa, na mkewe akimpungia nzi. Baba na wenzake walikwenda kwa Masudi kuuliza, mtu huyu atatunzwa na nani? Masudi akasema, "Kibarua chake kilikwisha jana magharibi. Leo simjui."

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Lakini kwanza niwaeleze habari ya Mmerikani, maana bila yeye hayaeleweki.

Ilikuwapo meli ya Merikani imekaa sana ghubani ikingoja shehena, na baharia wake mmoja akazoea uji wa mama. Nilipoambiwa leo Mmerikani anakuja nyumbani, nilikaa mlangoni nikimngoja mtu wa kitambaa. Kwetu merikani ilikuwa ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, ngumu, ya kushonea mashuka na magauni ya watoto. Gauni langu lenyewe lilikuwa merikani. Akaja mtu mweusi kama ami zangu, mrefu, ana pengo, anaitwa Joji. Baba alikuwa amerudi kutoka vitani na Kiingereza cha jeshini, akawa anafasiri.

Joji alilishika pindo la gauni langu akauliza linaitwaje. Alipoambiwa alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema zamani huko kwao, kabla hata babu yake hajazaliwa, nguo kama hii ilifumwa na wasichana waliotoka mashambani, wanalala kwenye nyumba za kiwanda, kengele inawaamsha na kengele inawalaza. Ujira ulipopunguzwa, wakashikana mikono wakatoka nje. Na kabla yao mafundi viatu walikaa pamoja wakakubaliana kwamba hakuna atakayeshona kwa ujira wa chini ya kiasi fulani, wakapelekwa mahakamani.

"Kosa lao?" mama akauliza.

Baba akamwuliza Joji, akajibiwa, akauliza tena kama asiyeamini. "Anasema kosa lao lilikuwa kukubaliana."

"Hee! Kukubaliana nako kosa?"

"Ndivyo asemavyo. Mmoja akikataa kazi, haki yake. Wakikataa wote kwa pamoja, hiyo ni njama."

Mimi nilishangaa sana, kwa sababu kila tulipopigana watoto mama alikuwa akitupigia kelele, kubalianeni! Kumbe alikuwa anatupeleka jela.

"Na pamba je?" mama akasema. "Hao walifuma. Nani aliilima?"

Joji alizungusha kikombe. Aliposema, alisema maneno machache, na baba akayatoa polepole. "Babu zake. Watumwa. Anasema walioichuma walichapwa, wao hawakuwa na pa kutokea nje. Na vile vyama vya mwanzo vingi havikumtaka mtu mweusi mlangoni, kwa hiyo wenye viwanda walijua pa kumpata mtu wa kumtumia wengine wakitoka nje. Anasema, mkianzisha chenu, msiache mtu nje."

Sijui kama Joji alieleza yote sawasawa, wala kama baba alifasiri sawasawa, na mimi nilisikia kwa sikio moja. Baadaye niliambiwa merikani yetu ya siku zile huenda ilitoka Japani au Bombay, jina tu ndilo lililobaki la huko. Haidhuru. Mama aliitazama shuka yake mpya iliyokuwa bado imekunjwa, akasema, "Kumbe nalalia ugomvi wa watu." Siku chache baadaye akaichana. Vipande vyembamba vya kufunga kifundoni mwa mkono, na kila kuli aliyekubali kuacha kazi pamoja na wenzake akafungwa kimoja. Karibu wote hawakujua kuandika majina. Kile kitambaa ndicho kilichokuwa sahihi yao.

Wakaacha kazi. Walidai mambo ambayo ukiyasikia leo utaona aibu kwamba yalidaiwa: mtu akiumia kazini atunzwe, na jua likitua mzigo uwekwe chini. Kila asubuhi walikuja langoni na magunia yao kichwani, ili ionekane kwamba kazi hawaikatai. Masudi alipanda kasha, akanyoosha kidole, na kidole kikabaki hewani. Mama alizidisha maji kwenye uji kila siku, na wote walikuwa wakisema mtamu.

Mimi nilikuwa nadhani ni sikukuu. Mpaka siku moja bombani, nikiwa nakinga maji, Mama Zena jirani yetu akawa upande wangu wa kushoto. Akamwambia mwenzake, "Mume wa mwuza uji ajihadhari. Nasikia wanaletwa watu kwa malori kuja kuvunja mgomo." Kugoma nilikujua, punda wa chokaa alikuwa akigoma kila siku katikati ya barabara. Lakini mgomo, neno hilo kwa namna hiyo, sikuwahi kulisikia. Lililoniingia sikioni lilikuwa jingine. Wanaletwa watu, kwa malori, kuja kuvunja mgongo. Na mgongo uliovunjika nilikuwa nimekwisha kuuona umelala kwenye kitanda cha kamba.

Niliacha ndoo pale pale.

Tangu saa ile nikawa namfuata baba nyuma nyuma. Akikaa kula, nimekaa nyuma yake, mgongo wake na mgongo wangu. Akienda msikitini namngoja nje kwenye viatu. Akilala mchana naingiza mkono kati yake na mkeka.

"We mtoto," akaniambia, "una nini na mgongo wangu?"

"Naulinda."

"Nani kakutuma?"

"Mama Zena kasema wanakuja watu kuuvunja."

Wenzake walikuwapo barazani. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. "Tumepata askari!" wakasema. "Haya askari, na wangu je?" Wakageuka wananionyesha migongo yao, ile yenye makovu na ile iliyokwisha kupinda. Baba peke yake hakucheka. Angeweza kunisahihisha, neno moja tu. Hakunisahihisha. Akasema, "Basi linda vizuri."

Siku hiyo hiyo, pale barazani, nilimsikia akiwaambia, "Twende mashambani tukazungumze na wale wa mkonge kabla malori hayajawafuata. Joji alisema tusiache mtu nje."

"Wale washamba?" mmoja akasema. "Tangu lini mtu wa mkonge akajua bandari? Utawafunga vitambaa na wao?"

"Ndiyo. Shuka haijaisha."

"Funga mkeo, bwana. Wale si wenzetu."

Wakacheka tena. Shuka ikabaki nusu, mama akairudisha sandukuni.

Yaliyofuata baadaye nitayasema sasa hivi, ili nikifika mwisho niishie pale. Ami Hamisi alifariki kabla ya mfungo. Joji alikwenda na meli yake, na wapo waliosema hakwenda peke yake, baba alikuwa naye, na wapo waliosema baba alionekana Kongo, au kwenye migodi ya kusini. Mimi sikumwona tena mahali popote. Miaka ikapita, chama cha makuli kikaja cha kweli, chenye ofisi na muhuri, na ile kazi ya kunyooshewa kidole ikaondoka. Watu walimwambia mama, mumeo ndiye aliyepanda mbegu. Mama alijibu, "Mbegu kapanda yeye, jembe kaniachia mimi." Alinilea kwa uji ule ule. Hakuolewa tena, na hakuwahi kumtukana, ila hakuwahi pia kumsifu, na mimi nikiwa mzee nimeona kwamba alikuwa na haki ya yote mawili. Nusu ya shuka ninayo hapa Lewisham, chini ya nguo zangu. Ile asubuhi Rukia aliponiambia anagoma, jioni nilichana kipande nikamfunga mkononi. Akauliza hii nini. Nikamwambia, nitakuandikia. Ndiyo haya.

Malori yalikuja asubuhi, uji ukiwa bado haujachemka vizuri. Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba, nimekishika kiuno chake kwa mikono yote miwili. Watu walioteremka walikuwa wembamba, hawana magunia ya kichwani, mikono imechanwachanwa na miiba ya mkonge. Hawakumtazama mtu. Mmoja, kijana, aliona sufuria ya mama akasimama kidogo, kisha akasukumwa. Nikakaza mikono nikingoja wamjie baba. Hawakumjia. Walipita ubavuni petu, wakaingia langoni, na mara magunia ya kahawa yakaanza kupanda ubao. Makuli wakakaa chini mmoja mmoja. Na mtu aliyekuwa upande wangu wa kushoto akasema, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, "Basi. Mgomo umevunjika."

Masudi alipanda kasha lake. "Nafasi bado zipo," akasema. "Anayetaka kazi avue hilo tambara, alitupe hapa, apite."

Wakaanza kuinuka. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo, walikuwa na watoto kama mimi. Walifungua kwa meno, wakatupa, wakapita wameinama. Chini ya kasha pakawa peupe kama mahali aliponyonyolewa kuku. Mwisho akabaki baba.

"Na wewe, mwenye chama?" Masudi akamwambia. "Inama kidogo tu. Lango si fupi kiasi hicho."

Mimi nilikuwa nimesikia kwa sikio langu, mgongo umevunjika, nao bado umesimama mbele yangu. Nikaingiza mikono ndani ya shati lake. Nikapapasa mfupa kwa mfupa kutoka mkandani, nikapanda, nikafika mwisho wa mikono yangu, nikasimama kwa vidole vya miguu nikafika shingoni. Ngozi ilikuwa ya moto, ina makovu, imelowa jasho. Hapakuwa na mahali palipovunjika.

"Baba, waongo hao!" nikasema kwa sauti ya wale tusiosikia, yaani kwa kelele. "Haujavunjika! Mzima!"

Watu langoni wakageuka. Safari hii hakuna aliyecheka.

Baba akauliza bila kugeuka, "Una hakika?"

"Mzima wote."

"Haya," akasema. "Basi tusiuvunje leo."

Akavua gunia kichwani akanivika mimi. Mkia wake ulifika visiginoni mwangu, na macho yakafunikwa, nikawa ndani ya giza la vumbi na kahawa na yeye. Nilipolisukuma juu nikaona, alikuwa amekwisha kuivuka reli. Hakukimbia, hakuburuta miguu. Kitambaa cheupe kilikuwa bado kifundoni. Mama alisimama na upawa mkononi, akamwita, "Wewe! Uji wako unapoa!" Hakugeuka. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akiondoka pale langoni bila gunia, na mgongo wake ulikuwa umenyooka, mwembamba kuliko nilivyodhani. Akaifuata reli, akalipita ghala la mwisho, akaenda.